Fisi wa Hadithi na Fisi wa Ngorongoro

Kima yuko katikati ya bahari, mgongoni kwa papa rafiki yake, ndipo anapoambiwa ukweli. Huko wanakokwenda sultani ni mgonjwa, na dawa iliyotajwa ni moyo wa kima. Maji pande zote, hana pa kukimbilia. Kima hatetemeki. Anamlaumu papa kwa kutosema mapema, maana kima wakitoka safari huiacha mioyo yao mitini. Turudi nikauchukue, anasema. Papa anageuza. Kima akishauparamia mti wake hashuki tena, na papa anapozidi kumwita anamjibu kwamba yeye si punda wa dobi.

Kisa hiki mmisionari Mwingereza Edward Steere alikipata kutoka vinywani mwa wasimulizi wa Unguja, akakichapisha London mwaka 1870 pamoja na ngano nyingine za Kiswahili. Ndani yake mna kisa cha pili, cha huyo punda wa dobi, aliyeponea chupuchupu kwenye makucha ya simba, kisha akashawishiwa na sungura kurudi kulekule, akaliwa. Simba anapouliza moyo na masikio ya punda viko wapi, sungura, aliyekwisha kuvila, anajibu kwamba punda yule hakuwa navyo. Angekuwa na masikio na moyo, angerudije mara ya pili?

Visa hivyo viwili, kimoja ndani ya kingine, vilikuwa na umri wa zaidi ya miaka elfu moja vilipofika kwenye daftari la Steere. Katika Panchatantra ya India, anayembeba kima ni mnyama mkali wa majini, mamba kwa tafsiri nyingi. Karne ya 6 kitabu hicho kikatafsiriwa kwa lugha ya Uajemi wa kale, na karne ya 8 Abdullah Ibn al-Muqaffa akakitia katika Kiarabu kwa jina la Kalila na Dimna. Humo mamba amekuwa kobe wa majini. Kwetu pwani kobe akawa papa, na bweha wa kisa cha ndani akawa sungura. Mnyama anabadilishwa kila bandari, kisa kinabaki. Hakuna msimulizi hata mmoja katika safari hiyo yote aliyekuwa anatueleza habari za papa, wala za mamba. Alikuwa anaeleza habari za rafiki mwenye nguvu ambaye urafiki wake una bei.

Kuwapa wanyama tabia za watu huzungumzwa kana kwamba ni jambo moja. Darasani huitwa tashihisi, mwanafunzi anatoa mfano, somo linasonga. Lakini ukiziweka pamoja ngano, vinyago, katuni na maandishi ya wanasayansi, unaona kazi tatu ambazo hazifanani. Kuna mnyama aliye barakoa: anayesemwa ni mtu, mnyama kaazimwa jina tu. Kuna mnyama aliye sura: mchoraji au mchongaji anataka tumtazame usoni tukutane na mtu. Na kuna mnyama aliye dai: msemaji anaamini kweli kwamba mnyama yule wa porini ana huzuni, hila, wivu au huruma. Kila moja ina kanuni zake na hatari zake, na ugomvi mwingi juu ya jambo hili huzuka pale barakoa inapochukuliwa kuwa dai. Wa kwanza kuumizwa na kosa hilo ni mnyama mwenyewe, na kwetu Afrika Mashariki mnyama huyo mara nyingi ni fisi. Nitamrudia.

Kwanza barakoa. Kwa nini msimulizi asiseme tu "mtu mmoja mlafi"? Sababu moja ni uchumi wa maneno. Akitaja Fisi, hadhira ya watoto imekwisha kujua nini kitatokea nyama ikiletwa, na msimulizi anaingia moja kwa moja kwenye kisa. Sababu ya pili ni ya ujirani. Mtu ana ukoo, ana kijiji, ana dini, ana wakwe. Ukisema mzee fulani wa upande fulani alikuwa mlafi, kuna mmoja barazani atakayenuna. Fisi hana shemeji barazani. Methali zinafaidika vivyo hivyo: "nyani haoni kundule" inamchoma kila aliyepo bila kumtaja yeyote, na anayekasirika ndiye anayejitangaza.

Sababu ya tatu ni mtawala. Kisa kikuu cha Kalila na Dimna ni cha simba mfalme anayemwamini mshauri mfitini, bweha Dimna, hadi anamuua ng'ombe dume aliyekuwa rafiki yake wa kweli. Ibn al-Muqaffa aliishi kwa kalamu yake katika dola ambayo ukoo mmoja ulikuwa umetoka kuupindua mwingine, na alijua vyema alichokuwa anakisema kuhusu masikio ya wafalme. Aliuawa Basra katikati ya karne hiyo ya 8, bado kijana. Kilichomponza, kwa masimulizi ya wanahistoria, ni hati ya amani aliyomwandikia ami wa khalifa al-Mansur, yenye masharti makali mno dhidi ya khalifa. Ngano hazikumdhuru. Alipoandika kuhusu watawala bila wanyama, ndipo alipopotea.

Barakoa ya aina hiyo huvuka mipaka kirahisi. Riwaya fupi ya George Orwell ya mwaka 1945, iliyoandikwa kuisema Urusi ya Stalin, ilitolewa kwa Kiswahili na Fortunatus Kawegere mwaka 1967 kwa jina la Shamba la Wanyama, na wasomaji wa huku hawakuhitaji kuijua Moscow ili wawatambue nguruwe wake. Mei 2013 wanaharakati walipeleka nguruwe wa kweli, mama na watoto wake, mbele ya Bunge la Kenya mjini Nairobi kupinga wabunge kujiongezea mishahara. Tanzania nayo ilikuwa na msamiati wake wa "mafisadi papa". Nguruwe wale walikuwa na njaa ya kawaida ya nguruwe na papa hajawahi kuiba fedha ya umma, lakini kulalamika hivyo ni kutoelewa mchezo. Barakoa haimdai mnyama ukweli wowote.

Sungura ndiye anayestahili kusemwa zaidi hapa, kwa sababu ndiye anayeonyesha barakoa imetengenezwa na nani. Porini ni windo la karibu kila mwenye meno. Katika ngano za Kibantu anamshinda tembo, simba na fisi kwa ulimi tu, tena mara nyingi kwa uongo, wizi na usaliti. Wazazi wanaodhani ngano hizi ni masomo ya maadili wangezisikiliza upya: sungura anadanganya, anakula cha wenzake, na mwisho wa kisa anacheka. Ni hadithi za mnyonge anayejipangia dunia ambamo nguvu hazitoshi. Waafrika waliouzwa utumwani Marekani walizihifadhi kwa sababu hiyohiyo, na Joel Chandler Harris alipozichapisha mwishoni mwa mwaka 1880, yule sungura wa mashamba ya pamba alikuwa bado ananaswa kwenye sanamu ya kunata, kisa ambacho wasimulizi wa huku wanakijua kwa sanamu ya ulimbo.

Kazi ya pili, ya sura, ni ya kale kuliko ngano yoyote tunayoweza kuipa tarehe. Mwaka 1939, katika pango la Hohlenstein-Stadel kusini mwa Ujerumani, vilipatikana vipande vya pembe ya mamothi, yule jamaa wa tembo mwenye manyoya aliyetoweka. Vilipounganishwa miaka mingi baadaye vilitoa sanamu ya urefu wa sentimita 31 hivi: mwili wa mtu aliyesimama, kichwa cha simba. Ina umri wa takriban miaka 40,000. Aliyeichonga aliishi na simba wa mapangoni jirani, alimjua kwa hofu na kwa kumtazama, na bado akaona inafaa kumsimamisha kwa miguu miwili.

Wamisri walikuja kuufanya mchezo huo mzaha. Kuna papiri katika British Museum, ya zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, inayomwonyesha simba na swala wameketi vitini wakicheza senet, mchezo wa bao wa Misri ya kale, na simba anaonekana kufurahia. Pembeni paka anachunga bata bukini. Hakuna maandishi ya kueleza, na hayahitajiki. Mtu yeyote aliyewahi kucheza bao na bosi wake anaielewa picha hiyo.

Ufundi wenyewe una kanuni. Macho ya wanyama wengi wanaowindwa yako pembeni mwa kichwa; mchoraji wa katuni huyaleta mbele. Wanyama wengi hawaonyeshi weupe wa jicho kama sisi. Mchoraji huuongeza, kwa sababu weupe ndio unaotuambia mtu anatazama wapi. Nyusi huwekwa pasipo na nyusi. Kwato hugeuka vidole, mara nyingi vinne, kwa sababu kidole kimoja pungufu ni saa nyingi za kuchora zilizookolewa. Kisha kuna kichwa. Konrad Lorenz, mtaalamu wa tabia za wanyama, aliandika mwaka 1943 kwamba kichwa kikubwa, paji pana, macho makubwa yaliyokaa chini usoni na mashavu ya mviringo ndivyo vinavyotufanya tutake kumbeba mtoto mchanga, na kwamba mnyama yeyote mwenye umbo hilo hutuvuta vilevile. Mwaka 1979 Stephen Jay Gould, mwanabiolojia wa Marekani, alipima michoro ya Mickey Mouse tangu 1928 akaonyesha kwamba jinsi miaka ilivyokwenda, kichwa kilikua na macho yakapanuka. Panya aliyeanza akiwa mtukutu mwenye pua ndefu alizidi kuwa mtoto kadiri alivyozidi kupendwa.

Edward Saidi Tingatinga alikwenda njia nyingine. Alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za mafuta kama zile za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, chui na ndege wake hawakuvaa suruali wala hawakusimama kwa miguu miwili. Alichowapa ni macho ya mviringo, yaliyo wazi kabisa, yanayomtazama mtazamaji. Kwangu mimi hiyo inatosha, na ina heshima zaidi. Chui wa Tingatinga anakutazama kama mwenye nyumba aliyesikia hodi. Hafanani nawe, na bado unajua kuna mtu mle ndani.

Kwamba tunaona "mtu" kwa kupewa macho mawili tu halipaswi kushangaza. Mwaka 1944 wanasaikolojia Fritz Heider na Marianne Simmel waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi yenye pembetatu mbili na duara vikizunguka kwenye boksi lililo wazi. Walipoulizwa wameona nini, karibu wote walisimulia kisa: pembetatu kubwa ni mkorofi, ile ndogo ni shujaa, duara linaogopa. Akili zetu zimeundwa kuishi miongoni mwa watu, na zinatafuta nia popote penye mwendo. Kama pembetatu haisalimiki, fisi ataponea wapi?

Na hapa ndipo pa kumrudia. Fisi wa hadithi zetu ni mlafi, mwoga, mjinga na mla mizoga. Anapasuka msamba kwa kutaka kufuata harufu mbili za nyama kwa wakati mmoja. "Njia mbili zilimshinda fisi" ni methali inayojulikana na watu ambao hawajawahi kumwona. Katika lugha ya vijana wa Nairobi, mafisi ni wanaume wasioweza kuona sketi ikapita. Sehemu nyingi za Tanzania inaaminika kwamba wachawi husafiri usiku juu ya mgongo wake. Filamu ya katuni ya Marekani ya mwaka 1994, iliyochota majina yake mengi kwenye Kiswahili, ilimpa simba jina la Simba na mwenzake jina la Rafiki, na fisi jike akaitwa Shenzi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa hadhi iliyogawanywa hapo.

Katikati ya miaka ya 1960 mtafiti Mholanzi, Hans Kruuk, alikwenda Serengeti na Ngorongoro kuwachunguza fisi madoa, na mwaka 1972 akatoa kitabu. Hadi wakati huo picha ilikuwa imekamilika: alfajiri unawakuta simba juu ya pundamilia, fisi wamezunguka kwa mbali, wanasubiri mabaki. Kruuk alifanya jambo ambalo watalii na wasimulizi hawakulifanya. Aliwafuata usiku. Akaona fisi wakiwafukuza nyumbu na pundamilia wakiwa kundi, wakiwaua wenyewe, kisha simba wakifika kwa kusikia kelele zao na kuwanyang'anya. Jua likichomoza, mwizi yuko juu ya nyama na mwenye mali amekaa pembeni. Ngorongoro, sehemu kubwa ya chakula cha fisi ilikuwa windo lao wenyewe, na mara nyingi mla mabaki alikuwa mfalme wa nyika.

Mengine yamejulikana kutokana na uchunguzi wa miaka mingi, hasa Maasai Mara, ambako kazi hiyo inaendelea tangu 1988. Fisi madoa huishi katika koo za makumi, na koo hizo hutawaliwa na majike. Mtoto hurithi cheo cha mama yake, na jike wa chini kabisa kwa kawaida yuko juu ya dume aliyehamia kutoka nje. Sauti tunayoiita kicheko hutolewa zaidi na fisi aliyebanwa, anayefukuzwa au aliye katika taharuki ya kugombea chakula. Hakuna cha kuchekesha kwake. Viungo vya uzazi vya jike vinafanana kwa nje na vya dume, na hapo ndipo ilipozaliwa hadithi ya kale kwamba fisi hubadili jinsia. Aristotle aliikana kwa fisi aliyemjua yeye, na bado inasimuliwa. Kuhusu ujinga: mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya jaribio ambalo fisi waliofugwa Marekani walitakiwa kuvuta kamba mbili kwa pamoja ili chakula kianguke. Walilifumbua wawili wawili, bila kufundishwa kushirikiana.

Simba naye avuliwe taji. Kundi la simba ni la majike walio ndugu, mama na dada na binti, wanaobaki na ardhi yao. Madume huja wakiwa wameungana wawili au watatu, hukaa miaka michache, kisha hufukuzwa na wengine wenye nguvu zaidi, ambao huua watoto wadogo wa waliotangulia. Huo si ufalme kwa maana yoyote inayoeleweka barazani. Ufalme wa simba ulitoka kwenye kasri za binadamu, ukapelekwa porini, kisha ukarudishwa kwetu kama ushahidi kwamba hata porini kuna wafalme. Nadhani hiyo ndiyo hila kubwa kuliko zote za Sungura: mtawala anapoonyeshwa kwamba hata maumbile yako upande wake.

Je, ngano ndizo za kulaumiwa fisi anapotegewa sumu? Si moja kwa moja. Mfugaji aliyepoteza mbuzi watano usiku mmoja hana haja ya ngano ili amchukie, na kuna mahali fisi wameua watu. Sipendi maandishi ya uhifadhi yanayomsemesha mfugaji kama mtu aliyedanganywa na bibi yake. Lakini kuna tofauti kati ya kumwogopa mnyama kwa alichofanya na kumuua kwa anachowakilisha. Bundi ni mfano wa wazi zaidi: haibi kuku wa mtu anayemrushia jiwe, anakula panya wa ghalani kwake, na bado anauawa kwa kutua juu ya paa, kwa sababu kapewa kazi ya kuleta habari za msiba. Hapo barakoa imegandana na uso.

Kilichobadilika, kwa maoni yangu, ni kwamba zamani ngano na mnyama vilikuwa jirani. Mtoto aliyesikia usiku kwamba Fisi alikwenda harusini amevaa kanzu, asubuhi alizikuta nyayo za fisi nyuma ya zizi. Alikuwa na fisi wawili kichwani na hakuwachanganya. Mtoto wa ghorofani Mbezi au Kilimani ana mmoja, naye ni wa kwenye skrini. Tafiti zinaunga mkono hofu hiyo kwa kiasi. Mwaka 2014 watafiti waliofanya kazi na watoto wadogo huko Kanada walionyesha kwamba watoto waliosomewa vitabu ambamo wanyama wanazungumza na kutenda kama watu walielekea zaidi kuwapa wanyama halisi tabia za kibinadamu, na kujifunza ukweli mchache kuwahusu, kuliko waliosomewa maelezo ya kawaida. Utafiti wa nyuma kidogo, wa 2003, uliwalinganisha watoto wa mjini Marekani na wa vijijini, wakiwamo wa Wamenominee, wenyeji wa asili wa Wisconsin. Wa mjini ndio waliomfanya binadamu kuwa kipimo cha kila kiumbe. Waliokua karibu na wanyama hawakufanya hivyo.

Hata ile imani kwamba mnyama anayezungumza hufundisha maadili vizuri zaidi imetikiswa. Jaribio la Toronto lililochapishwa 2017 liliwasomea watoto wa miaka minne hadi sita kisa cha kugawana na wengine, baadhi wakipewa wahusika wanyama waliovaa nguo, baadhi wahusika watu. Waliosikia kisa cha watu ndio waliogawa zaidi stika zao. Kwa barakoa hili lina maana: ili ufanye kazi, mchezo unahitaji msikilizaji ajue kuna mtu nyuma yake. Mtoto wa miaka minne anaweza kudhani kwamba ile ni habari ya wanyama tu, haimhusu. Barazani wakubwa humsaidia kwa kucheka mahali panapostahili na kumtazama yule anayestahili kutazamwa. Kitabu kilichoachwa mezani hakiwezi.

Limebaki dai, na hapo wanasayansi wamekuwa wagomvi kuliko wasimulizi. Hofu yao ina sababu. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwalimu mstaafu wa Berlin, Wilhelm von Osten, alikuwa na farasi aliyejumlisha na kutoa kwa kugonga kwato, na wataalamu walimshuhudia wakashangaa. Mwanasaikolojia Oskar Pfungst, katika kitabu cha mwaka 1907, alieleza siri: muulizaji akiwa hajui jibu, farasi naye hajui. Alikuwa akisoma mitikisiko midogo ya mwili wa mtu aliye mbele yake, ambayo mtu mwenyewe hakujua anaifanya. Kusoma mwili wa mtu kwa kiwango hicho ni akili kubwa, lakini si hesabu. Tangu hapo ikawa aibu kwa mtafiti kumpa mnyama wazo au hisia pale ambapo maelezo mepesi zaidi yangetosha.

Aibu hiyo ndiyo Jane Goodall aliyokutana nayo. Alifika Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, Julai 1960, bila shahada, akawapa sokwe majina: David Greybeard, Flo, Fifi. Alipokwenda Cambridge kusomea uzamivu aliambiwa angewapa namba, na kwamba haifai kuzungumzia nafsi na hisia zao. Lakini kwa kumtambua kila mmoja kwa uso na tabia ndipo alipoweza kuona kinachotokea kati yao. Huyo David Greybeard ndiye aliyemwona mwaka huohuo wa 1960 akivua mchwa kwa majani aliyoyachomeka kwenye kichuguu, wakati ambapo vitabu vilisema kutumia na kutengeneza zana ni sifa ya binadamu pekee. Baadaye Frans de Waal, aliyewachunguza sokwe Uholanzi, aligeuza lawama: kukataa katakata kufanana pale ambapo ukoo ni mmoja nalo ni kosa. Alipenda kuwataja wale ambao kwao sokwe wawili wakibusiana baada ya ugomvi ilibidi paandikwe "mgusano wa mdomo kwa mdomo".

Ukisoma haraka, huu unaonekana ushindi wa wenye huruma. Gombe yenyewe ilikataa kuuacha uwe mwepesi hivyo. Kati ya 1974 na 1978 madume wa kundi la Kasakela waliwavizia mmoja mmoja waliojitenga na kuhamia kusini, kundi la Kahama, ambao walikuwa wamekula na kukumbatiana nao kwa miaka, na wakawapiga hadi kufa. Kundi la Kahama likaisha. Goodall alitumia neno vita. Aliyeruhusu upendo wa mama Flo kuitwa upendo hakuweza kukataa neno hilo lilipofika upande huu mwingine, na alisema wazi jinsi lilivyomuumiza.

Wakosoaji walijibu kwamba ni ndizi: watafiti walikuwa wakiwalisha sokwe kambini kwa miaka, wakawaleta pamoja kwa wingi usio wa kawaida, na ugomvi ukazaliwa hapo. Yaani tabia ya kibinadamu haikuwa ya sokwe, ilikuwa yetu tuliyoipeleka. Mwaka 2014 jarida la Nature lilichapisha takwimu kutoka makundi 18 ya sokwe sehemu mbalimbali za Afrika, zenye mauaji 152, mengine yaliyoonekana, mengine yaliyokadiriwa au kushukiwa. Kulishwa na kusumbuliwa na watu hakukuyaeleza. Idadi ya madume na msongamano wa kundi viliyaeleza vizuri zaidi, na makundi mengine yaliyohusika hayakuwahi kupewa hata ndizi moja.